Mrithi wa Mama Mgonjwa

Mwezi uliopita nilimpigia simu mkubwa wangu wa kazi kumwambia mama ni mgonjwa, naye akaniamini kabla sijamaliza kusema. "Nenda, nenda," akasema. "Mama ni mama. Utarudi ukiwa tayari." Hakuuliza anaumwa nini. Hakuuliza yuko hospitali gani. Nilibaki kwenye korido ya wadi nimeshika simu, nimejawa na hasira, kama mtu aliyejiandaa kusukuma mlango kwa bega akaukuta wazi. Nilitaka anibishie kidogo. Nilitaka aniambie kwamba hiyo ameshaisikia.

Mama alikuwa amepatwa na kiharusi akianua nguo. Alianguka pale pale kwenye kamba, shuka mkononi, na jirani akamwokota. Mkono wa kushoto ulilala, mguu wa kushoto ukawa mzito, na mdomo ukaenda upande. Alipoweza kusema, neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Shuka imechafuka?" Ndivyo alivyo mama yangu.

Lakini sentensi ile niliyomwambia mkubwa wangu, "mama ni mgonjwa," mimi niliwahi kuitumia kwa miaka minne mama akiwa mzima kabisa. Halafu nilipomaliza nayo, nikamwachia mtoto wa mtu mbele ya shule nzima. Sijawahi kuisimulia habari hii. Nimeisimulia nusu, ile nusu ya kuchekesha, mara nyingi sana.

Tulikaa kwenye nyumba za zamani za halmashauri ya jiji, vyumba viwili na choo cha nje, umbali wa kutembea kwa miguu hadi Industrial Area. Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni, upande wa kufunga. Alisimama tangu saa moja asubuhi hadi jioni, na alirudi akinukia limau hadi kwenye nywele. Sikumbuki akikosa kazi kwa sababu ya ugonjwa. Hata mafua alikwenda nayo kazini.

Shuleni, mama huyo huyo alikuwa hoi. Shule yetu ilikuwa ya kutwa, wavulana na wasichana, na geti halikufunguliwa mchana ila kwa chiti, kikaratasi cha ruhusa cha mwalimu wa zamu. Wanafunzi wengi walinyimwa chiti kwa sababu hawakujua kudanganya. Walisema, "Mwalimu, mama ni mgonjwa," wakanyamaza, wakaambiwa warudi darasani. Mimi sikuwahi kuishia hapo. Nilisema, "Mwalimu, mama hajashuka kitandani tangu asubuhi, na jirani aliyebaki naye anaingia shifti ya saa nane." Ni ile shifti ya jirani iliyokuwa inaniandikia chiti. Mwalimu akishamwona akilini yule jirani anafunga kamba za viatu aende kazini, tayari kalamu iko mkononi. Nami nilitoka getini na sura ya msiba, nikikata kona naenda saluni kwa binamu yangu, nasuka watu, nasikiliza umbea hadi jioni.

Sina huruma na msichana yule niliyekuwa. Alikuwa na akili nyingi na hakuwa na kazi ya kuipa.

Shule yetu ilikuwa na desturi moja ambayo sijaisikia kwingine, ingawa lazima kuna wengine wanayo. Siku ya maombi ya watahiniwa, mchungaji akishaombea kalamu zetu na wazazi wakishakula pilau, kidato cha nne tulisoma wasia. Kila anayetoka aliacha tabia yake kwa mwanafunzi wa chini. Mvulana mmoja aliacha tai ambayo hakuwahi kuifungua fundo tangu kidato cha kwanza, akiivaa na kuivua kwa kuipitisha kichwani tu. Mwingine aliacha hamu yake ya githeri, mahindi na maharagwe ya shule, pamoja na mawe yake. Msichana mmoja aliacha kicheko, kwa sababu hakuwa na kingine. Aliyetajwa alitakiwa kusimama, aje mbele, anyooshe mikono yote miwili kama anayepewa mzigo, na aseme kwa sauti, "Nimepokea." Ukikataa ulizomewa hadi muhula uishe.

Mwaka wetu, mimi ndiye niliyeandikia watu wasia. Walinijia mmoja mmoja, ananieleza tabia yake, mimi naitafutia maneno. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Sasa huyo msichana. Alikuwa kidato cha pili, mwembamba, na sweta iliyofumuka mkono mmoja. Alikaa kwenye mabanda ya Mukuru kwa Reuben. Alinijia kwenye bomba la maji nyuma ya madarasa, siku moja ya muhula wa tatu, akasimama pembeni hadi wenzangu walipoondoka.

"Aki nikuulize kitu," akasema. "Wewe hupewa chiti kila saa. Mimi naambiwa tu nirudi class. Nifunze."

"Unataka kwenda wapi?"

"Home. Mama ni mgonjwa."

Nikacheka. "Hiyo ni yangu, tafuta yako."

"Yangu ni ya ukweli," akasema.

Alisema taratibu, bila kunilaumu. Akanieleza kwamba mama yake alikuwa amepooza upande mmoja tangu Aprili. Baba hayupo. Asubuhi alimwacha amemgeuza na kumpa chai, na jirani aliahidi kuchungulia, lakini jirani alikuwa na shughuli zake. Saa sita ilitakiwa mtu amgeuze tena, ampe uji na maji, ambadilishie. Kwa mbio, dakika kumi na tano kwenda na kumi na tano kurudi. Kipindi cha chakula kilimtosha, kama geti lingefunguliwa.

Nataka hili lieleweke, maana ndilo ninaloandikia: nilimwamini. Sikuwa na shaka hata kidogo. Mtu anayedanganya sana huujua ukweli ukipita mbele yake, na huo ulikuwa ukweli. Nikamfundisha. Nikamwambia asiseme ugonjwa, aseme kazi: "Sema unaenda kumgeuza. Sema ukichelewa vidonda vinatoka mgongoni. Mwalimu akisikia vidonda hatauliza tena."

Ikafanya kazi. Mwalimu wa zamu alimwandikia chiti ya wiki nzima, na wiki iliyofuata akaandika nyingine. Kila saa sita tulimwona akikimbia kuelekea getini, sweta imefungwa kiunoni. Akinipita alinipungia mkono. Kwa wiki tatu hivi nilikuwa nimefanya jambo jema, na pengine ndilo jema pekee nililofanya katika shule ile.

Halafu nikaandika wasia wangu.

Niliuandika mwisho, baada ya kuwaandikia wengine, na nilitaka uwe bora kuliko wote. Ile sentensi ya mama mgonjwa ilinijia nikiwa naosha vyombo, na nilipoiona nikajua watu watagaragara. Ilihitaji mrithi. Nilifikiria wengine, naapa nilifikiria. Lakini nani mwingine alikuwa anatoka getini kila saa sita? Shule nzima ilimwona. Kichekesho kilitaka mtu ambaye kila mmoja anamjua, na huyo alikuwepo. Nilijua mama yake yuko kitandani. Niliandika nikijua. Nilijiambia kwamba ni mzaha tu, na kwamba yeye mwenyewe atacheka, kwa sababu tulikuwa marafiki.

Siku ya maombi mama yangu aliomba ruhusa kiwandani, akaja na nguo zake za kanisani. Alikaa safu ya tatu, mnene, ana afya, amekunja mikono juu ya mkoba. Nilimwona na sikubadilisha neno. Niliona hata vizuri zaidi akiwepo.

Nikasoma. "Na mwisho, mama yangu. Walimu wangu wapendwa, mama yangu amekuwa mgonjwa kwa miaka minne. Ameugua malaria, ameugua presha, ameugua mgongo, na mara moja aliugua jino kwa wiki tatu. Hakuna aliyenifaa shuleni humu kama yeye. Sasa mimi ninatoka, na mgonjwa haachwi peke yake. Namwachia dada yangu wa Form Two, yule wa kukimbia saa sita. Amtunze vizuri. Na tafadhali asipone kabla hajamaliza Form Four."

Ukumbi ulilipuka. Walimu waliinama kwa kicheko. Naibu wa mwalimu mkuu, ambaye ndiye aliyeandika zile chiti nyingi, alivua miwani akajifuta macho, akageuka kuwatazama wazazi akasema, "Huyo mama mgonjwa yuko hapa? Asimame tumwone!" Na mama yangu, ambaye hakuwahi kukwepa mzaha maishani mwake, alisimama, akageuka huku na huku kama bibi harusi, akawapungia. Watu walipiga meza.

Halafu wakamwita mrithi.

Alitoka nyuma kabisa. Alitembea katikati ya viti, watoto wa darasa lake wakimsukuma mgongoni kwa furaha, hadi mbele yangu. Akanyoosha mikono yote miwili. Hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama mama yangu, ambaye bado hajakaa.

"Nimepokea," akasema.

Alisema vizuri, kwa sauti, kama desturi inavyotaka. Wakapiga makofi. Nikapiga na mimi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama na mimi, tukipita nyuma ya maghala. Mwanzoni alinitania. "Miaka minne mimi ni mgonjwa, na hata panadol hujaniletea." Nikacheka. Tukatembea kidogo. Kisha akapunguza mwendo.

"Yule mtoto. Mbona hakucheka?"

"Ni mtu wa haya."

"Mama yake yuko?"

"Yuko."

"Mzima?"

"Mzima," nikasema.

Mama alibadilisha mkoba kutoka mkono huu kwenda ule, tukavuka reli, tukafika nyumbani. Nilikula pilau niliyofungiwa kwenye karatasi na nikalala vizuri sana.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, nilirudi shuleni kuchukua cheti. Ilihitajika fomu ipigwe sahihi na watu watano, na wa tano alikuwa yule naibu. Siku hiyo yeye ndiye alikuwa wa zamu. Nilimkuta amesimama getini na kalamu mfukoni, na mbele yake alikuwa msichana yule, sasa kidato cha tatu, sweta ile ile.

"Mwalimu, naenda kumgeuza," alikuwa anasema. "Nikichelewa vidonda vinatoka."

Maneno yangu. Aliyasema kama nilivyomfundisha, neno kwa neno.

Naibu akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na ndiyo maana siwezi hata kumchukia. "Msichana, huo wasia umeshazeeka. Tulikuwepo sote siku unaupokea." Kisha akaniona mimi, uso ukamng'aa. "Na mwenye mali mwenyewe huyu hapa! Hebu mwambie, mama yako amepona?"

Msichana akageuka akanitazama. Safari hii alinitazama mimi. Hakuomba kitu. Alisubiri tu.

Ilikuwa sentensi moja. Ningesema, "Mwalimu, huyu wake ni kweli, mimi ndiye mwongo," naye angefungua geti. Pengine angenifokea kwanza. Pengine angeniambia nirudi kesho na fomu yangu. Nilikuwa na fomu ile mkononi, sahihi nne tayari, na kazi ya ukarani nilikuwa nimeahidiwa nikipeleka cheti Ijumaa. Nikasema, "Amepona, mwalimu." Akacheka tena, akanipigia sahihi juu ya ukuta wa geti. Nilipogeuka, msichana alikuwa ameshaanza kurudi darasani.

Nilisikia baadaye, kwa mtu, kwamba aliacha shule muhula ule ule. Sikuuliza zaidi. Nilihama, nikapata kazi, nikahamia mtaa wa Komarock, nikajenga maisha. Kwenye sherehe watu huniomba niseme wasia wangu wa shule, nami nausema, na wanacheka hadi leo. Huishia kwenye "asipone kabla hajamaliza Form Four." Sijawahi kumwambia mtu kwamba yule msichana hakumaliza Form Four.

Basi mwezi uliopita hospitali walimruhusu mama nikamleta kwangu. Siku za ruhusa ziliisha, nikawa sijui nani atabaki naye mchana. Mtu wa kumgeuza, wa kumlisha, wa kumpeleka msalani. Wasichana wawili wa kazi walikuja wakaona uzito wake wakaondoka. Nilikuwa nalalamika kwa sauti jikoni, na mama akaniita kwa mdomo wake wa upande mmoja.

"Simu yangu," akasema. "Tafuta Mrithi."

Nilidhani kiharusi kinamchanganya. Nikafungua simu, nikatafuta, na jina lilikuwepo: Mrithi. Mama alikuwa na mtindo wa kuwaandika watu kwa kazi zao, Fundi Sofa, Mama Mboga, kwa hiyo bado sikuelewa. Au sikutaka kuelewa. Nikapiga. Mwanamke akapokea, nikaeleza mimi ni nani na kiharusi kilichompata mama, akauliza tu, "Upande gani?"

"Kushoto."

"Nitakuja kesho."

Alikuja asubuhi, amevaa raba na amebeba aproni yake kwenye mfuko wa karatasi. Nilimjua kabla hajavuka kizingiti. Amenenepa kidogo, ana mikono yenye nguvu. "Shikamoo mama," akasema akiinamia kitanda, na mama yangu akacheka kicheko chake kilichopinda, akampa mkono ule mzima. Waliongea kama watu walioonana juzi. Alimgeuza kwa mara moja tu, goti likiwa kitandani, mkono mmoja begani na mwingine kiunoni, kitu ambacho mimi kilinichukua dakika kumi na machozi.

Nilimfuata jikoni. Nilikuwa nimechelewa kazini na sikujali. Nikamwambia yote, vibaya, kwa kukatakata: kwamba nilijua, kwamba pale getini nilijua, kwamba nilikuwa na fomu mkononi. Alikuwa anakoroga uji wa wimbi. Hakuacha kukoroga.

"Mamako alikuja kwetu Jumamosi ya wiki ile ile," akasema. "Baada ya prayer day. Aliuliza mlango kwa mlango Reuben yote, anatafuta mtoto wa sweta imefumuka."

Nikaweka mkoba wangu wa kazi mezani.

"Akawa anakuja kila Jumamosi akitoka kiwandani nusu siku. Yeye ndiye alinionyesha ile ya goti. Anakaa na mama, mimi nafua, nasoma. Waliponinyima chiti alienda shule kunisemea. Walimcheka. Walimwambia, si wewe ndiye yule mgonjwa?" Akazima moto. "Alirudi amekasirika, huyo mama. Alitembea kwa nyumba yetu kama simba. Alikuja mpaka mama alipokufa, na akakuja mazishi."

Nikakumbuka Jumamosi zile. Mama alikuwa ananiambia ana mkutano wa chama cha akina mama. Mimi nilikuwa chumbani, nimelala, na cheti changu.

"Mbona hakuniambia?" nikauliza. "Miaka yote hii."

Akamimina uji kwenye kikombe, akaupuliza. "Nilimuuliza hivyo pia. Alisema ulimdanganya njiani, na hatakusukuma. Alisema siku moja utamuuliza mwenyewe kuhusu mimi, na siku hiyo atakuambia." Akachukua kijiko. "Kila nikimuona nilikuwa namuuliza, ameuliza? Anasema bado."

"Naomba unisamehe," nikasema.

"Nimesikia," akasema. Hakusema zaidi, na sikuwa na haki ya kudai zaidi. Akanipa kikombe na kijiko. "Mpe wewe leo. Upande wa kulia, kidogo kidogo, asije akapaliwa."

Niliketi kando ya kitanda. Nikamlisha mama vijiko vitatu, vinne, nikimfuta kidevu. Kisha nikaweka kikombe chini na kurudi pale aliponiuliza yeye nyuma ya maghala, siku ile nikamjibu uongo.

"Yule mtoto, mama. Mama yake alikuwa nani?"

Mama alinitazama. Macho yote mawili yalikuwa mazima. Kisha akalitaja jina la yule mama, polepole, silabi kwa silabi, kwa ule upande wa mdomo uliokubali, na akaningoja nilirudie.